Ukuta mmoja, wamiliki themanini: jinsi mirathi inavyoamua hatima ya mashamba ya mvinyo ya Ufaransa

Kusini kidogo ya mji wa Dijon, mashariki mwa Ufaransa, kuna shamba la mizabibu lililozungushiwa ukuta wa mawe. Linaitwa Clos de Vougeot. Ukuta huo ulikamilika mwaka 1336, na ndani yake mna hekta zipatazo 50. Mgeni akisimama langoni haoni mpaka wowote: safu za mizabibu zinateremka mteremko mmoja, na juu yake limekaa jumba moja la kale. Akiuliza shamba ni la nani, ataambiwa lina wamiliki wapatao 80.

Ukitoka hapo kwa miguu kuelekea kusini, muda si mrefu unafika kijiji cha Vosne-Romanée. Kando ya kijiji kuna kipande cha ardhi chenye hekta 1.8 tu, kimewekewa msalaba wa mawe na ukuta mfupi. Hicho ndicho Romanée-Conti, kinachotoa mvinyo wenye sifa na bei kubwa kuliko karibu wote duniani, chupa elfu tano au sita kwa mwaka. Kina mmiliki mmoja.

Katika karne ya 19 mashamba haya mawili yaliwahi kuwa chini ya mtu yuleyule, Julien-Jules Ouvrard, wa ukoo wa matajiri uliofaidika na mtikisiko wa Mapinduzi ya Ufaransa. Udongo ni wa majirani, sheria ni ileile, na mwenye mali alikuwa yuleyule. Moja likasambaratika, jingine likabaki zima. Watu wengi husimuliwa mvinyo wa Ufaransa kwa habari za udongo, jua na ufundi wa kuonja. Hayo ni kweli, lakini hayajibu swali la mashamba haya mawili. Jibu lake liko kwenye kifo cha mwenye mali, na kwenye yale yanayotokea watoto wanapokaa kugawana.

Tuanze na waliojenga ukuta. Abasia (nyumba ya watawa) ya Cîteaux ilianzishwa mwaka 1098, kilomita chache tu kutoka Vougeot. Watawa wake, Wasistersiani, walipewa ardhi kidogo kidogo na waumini waliotaka kuombewa, wakaiunganisha, wakaipanda mizabibu, wakaizungushia ukuta. Katika jumba la Vougeot bado vipo vinu vikubwa vya mbao walivyokamulia zabibu. Jirani yao, katika kijiji cha Morey, watawa wa kike wa Tart walinunua shamba mwaka 1141, ambalo hadi leo linaitwa Clos de Tart. Watawa hawa ndio walioanza kuutazama mteremko huo kipande kwa kipande, wakijua huku maji yanasimama, kule jiwe liko karibu, hapa zabibu zinawahi kuiva. Vipande hivyo Wabourgogne, yaani watu wa Bourgogne, jimbo la mvinyo lenye mteremko huu, huviita klima. Neno hilo kwao halina maana ya hali ya hewa. Ni jina la ardhi yenye mipaka yake na tabia yake, kama vile mtu anavyojulikana kwa jina na tabia.

Kazi ya namna hiyo inahitaji karne, na watawa walikuwa nazo. Nadhani hapa ndipo fundo lenyewe lilipo. Mtawa hana watoto. Akifa, ardhi haigawanywi, kwa sababu haikuwa yake. Ni ya abasia, na abasia haifi. Msomaji wa pwani anayejua wakfu ataelewa mara moja: mali imefungwa, mavuno yanatumika, lakini shina halirithiwi wala haliuzwi. Kwa zaidi ya miaka 600 Clos de Vougeot ilikuwa na mmiliki asiyekufa.

Mapinduzi yalikata kamba hiyo. Novemba 1789 mali ya Kanisa ilitangazwa kuwa mali ya taifa, na mashamba yakaanza kupigwa mnada. Romanée-Conti nayo haikupona, ingawa ilikuwa imetoka mikononi mwa watawa zamani. Mwaka 1760 ilinunuliwa na Louis François de Bourbon, mwana mfalme wa Conti, ambaye jina lake limebaki limegandamana na kipande hicho; kisha nayo ikatwaliwa na kuuzwa. Sasa ardhi hizi zikawa za watu wa kawaida, wenye wake, waume, watoto na wajukuu.

Watu hao wakakutana na sheria mpya.

Zamani, katika koo nyingi za makabaila, kifunguamimba wa kiume alichukua sehemu kubwa na wadogo zake wakatafuta maisha jeshini au kanisani. Wanamapinduzi waliona hiyo ni dhuluma, wakaifuta. Mwaka 1804, chini ya Napoleon, ikatangazwa Sheria ya Kiraia iliyoweka kanuni ambayo bado ni nguzo: watoto ni sawa, na mzazi hawezi kuwanyima. Mwenye mtoto mmoja ana uhuru wa kuamua nusu tu ya mali yake. Mwenye wawili, theluthi. Mwenye watatu au zaidi, robo. Kinachobaki ni haki ya watoto, apende asipende. Anayefahamu mirathi ya Kiislamu, ambamo wosia hauzidi theluthi, ataona sura inayofanana japo chanzo ni kingine kabisa: mali si ya marehemu peke yake, warithi wana haki ndani yake hata kabla hajafa.

Sheria hiyo iliongeza mambo mawili yaliyowauma wakulima wa mizabibu kuliko wengine. La kwanza, hakuna anayeweza kulazimishwa kubaki katika mali ya pamoja. Ndugu mmoja akisema nataka changu, lazima mali igawanywe. La pili, kila mrithi angeweza kudai sehemu yake kwa kitu chenyewe, yaani udongo kwa udongo. Ndugu wanne wenye klima nne hawakugawana kila mmoja klima yake, kwa sababu klima hazilingani thamani. Waligawana kila klima mara nne. Kizazi kilichofuata kikagawa robo hizo tena.

Ndiyo maana Bourgogne imekuwa nchi ya safu. Mkulima wa huko hukuambia ana safu kadhaa hapa, robo hekta kule, na nyingine ng'ambo ya kijiji, za mama yake. Ndoa zilizidi kuchanganya: binti aliolewa kijiji cha jirani na safu zake, na majina ya koo mbili yakaunganishwa kwa kistari kwenye lebo ya chupa. Majina marefu unayoyaona kwenye mvinyo wa Bourgogne mara nyingi ni kumbukumbu ya harusi.

Kwa upande wa haki, sheria hii ni nzuri na siioni sababu ya kuilaumu. Mabinti walirithi sawa na kaka zao miaka mingi kabla ya kupewa haki ya kupiga kura. Wakulima wadogo walipata mlango wa kuingia kwenye ardhi ambayo zamani ilikuwa ya abasia na wafalme. Gharama yake ilikuwa ukubwa wa shamba.

Turudi Vougeot. Ukoo wa Ouvrard ulilishika shamba zima kwa muda mrefu wa karne ya 19. Julien-Jules alifariki mwaka 1861, na mali ikaangukia kwa jamaa waliokuwa wengi na waliokaa mbali. Wakati huohuo kutoka kusini ulikuwa unapanda mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyeingia na mizabibu ya Marekani na kuonekana Ufaransa miaka ya 1860. Anafyonza mizizi mpaka mmea unakauka. Mwaka 1878 alikuwa ameshafika Bourgogne. Shamba la hekta 50 lililo hatarini kung'olewa lote halivutii kundi la warithi wasiolima. Mwaka 1889 liliuzwa kwa wafanyabiashara kadhaa wa mvinyo wa eneo hilo, nao wakauza vipande, vipande vikarithiwa, na hesabu ikafika 80. Wengine leo wana safu chache tu, zinazotosha pipa moja la lita 228, sawa na chupa 300 hivi.

Hili linamgusa hata mnunuzi aliye mbali. Tangu mwaka 1937 jina Clos de Vougeot limelindwa kisheria kwa daraja la juu kabisa, na daraja hilo linafunika kila kilicho ndani ya ukuta. Lakini sehemu ya juu, karibu na jumba, ina udongo mwepesi unaopitisha maji, na ya chini, karibu na barabara kuu, ina udongo mzito ambao baada ya mvua hukaa na maji. Wamiliki 80, mikono 80, udongo usiofanana, jina moja. Katika Bourgogne jina la ardhi halikutoshi. Unasoma na jina la familia.

Romanée-Conti ilipita njia nyingine. Mwaka 1869 ilinunuliwa na Jacques-Marie Duvault-Blochet, mkulima na mfanyabiashara aliyekuwa ameshakusanya mashamba mengi. Alipofariki mwaka 1874 mali yake iligawanywa kama sheria ilivyotaka, lakini kipande hiki kikabaki kizima katika ukoo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kikawa chini ya usimamizi wa Edmond Gaudin de Villaine, aliyeoa katika ukoo huo, akikimiliki pamoja na shemeji yake Jacques Chambon. Mwaka 1933 walithubutu kununua klima ya jirani, La Tâche, wakati uchumi wa dunia umeanguka na mvinyo haununuliki.

Leo ni vigumu kuamini, lakini miaka hiyo shamba lilikuwa mzigo. Halikuwapa wenyewe riziki, liliwala. Chambon akachoka, akataka kutoka. Kwa desturi, huo ungekuwa mwisho: nusu ingeuzwa kwa yeyote, mpaka ungechorwa katikati ya hekta 1.8. De Villaine alimtafuta rafiki yake, Henri Leroy, mfanyabiashara wa mvinyo, ambaye mwaka 1942, nchi ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, alinunua nusu ya Chambon. Mwaka huohuo mali yote ikawekwa ndani ya kampuni ya kiraia.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyoamua kila kitu. Kuanzia hapo hakuna de Villaine wala Leroy anayemiliki udongo wa Romanée-Conti. Udongo ni wa kampuni, wao wana hisa. Mmoja wao akifa, watoto wake wanagawana hisa, hata ziwe ndogo kama punje, na hakuna safu hata moja ya mizabibu inayohama. Familia ilikuwa imejitengenezea kwa karatasi kile ambacho watawa walikuwa nacho kwa nadhiri: mwenye mali asiyekufa.

Faida yake ilionekana mapema. Mizabibu ya Romanée-Conti ilikuwa bado ile ya asili, isiyopandikizwa juu ya mizizi ya Kimarekani, ambayo filoksera haiiwezi. Kwa miongo mingi waliitunza kwa dawa na gharama kubwa, na vita vikafanya dawa ziadimike. Baada ya mavuno madogo ya mwaka 1945, yaliyotoa chupa 600 hivi, waliing'oa yote. Walipanda upya kwa vipandikizi kutoka La Tâche, safari hii juu ya mizizi ya Kimarekani. Kutoka 1946 hadi 1951 hapakuwa na chupa hata moja yenye jina la Romanée-Conti. Fikiria kipande hicho kingekuwa cha binamu kumi, kila mmoja na safu zake na deni lake. Nani angekubali kung'oa, na nani angesubiri miaka sita? Chupa moja ya ile ya 1945 iliuzwa mnadani New York mwaka 2018 kwa dola 558,000, na watu wengi wakaijua kwa bei hiyo. Mimi huikumbuka kwa uamuzi uliofuata.

Njia ya kampuni haikuwa mpya. Huko Bordeaux, magharibi, warithi wa Château Latour waliunda kampuni ya kiraia mwaka 1842 kwa shabaha hiyohiyo, na karne nzima shamba halikukatwa. Bordeaux ilikuwa rahisi zaidi kufanya hivyo, kwa kuwa mashamba yake ni makubwa na heshima imeshikamana na jina la shamba kuliko kipande cha ardhi. Huku Bourgogne kampuni zilisambaa polepole, hasa baada ya sheria ya mwaka 1970 iliyoanzisha vikundi vya ardhi ya kilimo: ndugu wanaweka ardhi yao ndani ya kikundi, kikundi kinamkodisha mmoja wao anayelima, na waliobaki wanapata kodi ya pango.

Zipo njia nyingine, na familia makini huzitumia pamoja. Ya zamani ni kulimisha kwa kugawana mavuno. Familia ya Camuzet ya Vosne-Romanée, iliyokuwa na vipande vizuri sana, kikiwemo kimoja ndani ya Clos de Vougeot, haikuwa na mtu wa kushika jembe, kwa hiyo mashamba yakalimwa na wengine. Mmoja wa wakulima hao alikuwa Henri Jayer, ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa mvinyo wa Bourgogne katika karne ya 20. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kijana wa ukoo, Jean-Nicolas Méo, alirudi kushika mali, na Jayer akamwelekeza. Urithi wa ardhi ulitoka kwa damu, urithi wa ujuzi ukatoka kwa mpangaji.

Nyingine ni kugawa mzazi angali hai. Sheria ya Kifaransa inaruhusu umiliki kupasuliwa mara mbili: mzazi anabaki na haki ya kutumia na kuvuna, mtoto anapokea umiliki mtupu, na siku ya msiba viwili hivyo vinaungana vyenyewe. Pia siku hizi usawa wa watoto unapimwa kwa thamani, si kwa udongo. Anayelima anaweza kuchukua shamba zima, mradi awalipe nduguze sehemu zao kwa fedha.

Hapo kwenye fedha ndipo fundo la zamani limejifunga upya. Ardhi ya daraja la juu kabisa katika mteremko huu sasa inauzwa kwa wastani wa zaidi ya yuro milioni 6 kwa hekta. Tuseme mama ana hekta nne na watoto wawili. Kwenye karatasi kila mtoto anarithi yuro milioni 12. Serikali ya Ufaransa inamsamehe kila mtoto laki moja ya kwanza, kisha kiwango cha kodi kinapanda mpaka asilimia 45 kwa kinachozidi yuro milioni 1.8. Bila mpango wowote, kila mmoja anadaiwa zaidi ya milioni 5. Hata chupa zikiuzwa ghali, hekta nne hazitoi fedha ya namna hiyo. Na kama mmoja anataka kulima na mwenzake anataka chake, mlimaji anadaiwa mara mbili: na serikali, na ndugu yake.

Serikali inalijua tatizo hili. Tangu mwaka 2003 upo mkataba ambao sasa unaondoa robo tatu ya thamani ya kampuni ya familia katika hesabu ya kodi, iwapo warithi wataahidi kushika hisa zao kwa miaka kadhaa na mmoja wao akaongoza kazi. Umeokoa wengi. Lakini mkataba huo unataka warithi waelewane, na kuelewana hakutungiwi sheria. Hisa zina udhaifu wake. Mwanzoni zinashikwa na ndugu wawili wanaokula meza moja. Baada ya vizazi vitatu zinashikwa na watu 30, mmoja anakaa Paris na mwingine ng'ambo ya bahari, ambao kila mwaka wanapata gawio dogo huku wakisikia kuwa hisa zao zina thamani ya mamilioni. Latour, iliyojilinda na kampuni tangu 1842, iliishia hivyo: mwanzoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya warithi waliuza hisa zao kwa Waingereza, na mwaka 1993 shamba likanunuliwa na bilionea François Pinault.

Pinault huyohuyo akafika Bourgogne. Clos de Tart, lile shamba la watawa wa kike, lilikuwa limepita mikono mitatu tu: watawa kutoka 1141 hadi Mapinduzi, kisha ukoo wa Marey-Monge, kisha kuanzia 1932 ukoo wa Mommessin. Hekta 7.5, hazijawahi kukatwa. Mwaka 2017 Mommessin waliuza, na Pinault akawa mkono wa nne. Miaka mitatu kabla, jirani yake ukutani, Domaine des Lambrays, lilichukuliwa na LVMH, kampuni kubwa ya bidhaa za anasa. Wapo wanaosema mizabibu haijali nani anamiliki, na kwa kweli matajiri hawa wanalima kwa uangalifu na wana fedha za kusubiri. Ninachosikitikia ni mlango unaofungwa. Kijana wa kijijini aliyeweza kuanza na robo hekta ya shangazi hawezi kushindana mnadani na kampuni ya mikoba.

Mwaka 2015 UNESCO iliziandika klima za Bourgogne, 1,247 kwa hesabu, katika orodha ya urithi wa dunia. Aliyeongoza juhudi hizo kwa miaka mingi alikuwa Aubert de Villaine, mjukuu wa Edmond, aliyeisimamia Romanée-Conti tangu 1974. UNESCO inalinda ramani, kuta na mandhari. Haiwezi kumzuia binamu kuuza hisa. Romanée-Conti bado ina nusu mbili, ya de Villaine na ya uzao wa Leroy, na kila upande hutoa msimamizi wake. Mwaka 2022 Aubert alimwachia nafasi Bertrand de Villaine, wa kizazi kinachofuata, anayeongoza pamoja na Perrine Fenal, mjukuu wa Henri Leroy.

Jumba la Vougeot nalo lina habari yake. Baada ya shamba kuvunjwa lilikuja kununuliwa na Étienne Camuzet, yule wa ukoo uliolimisha kwa Jayer, na tangu 1944 limekuwa makao ya Confrérie des Chevaliers du Tastevin, udugu wa wapenzi wa mvinyo wa Bourgogne ulioanzishwa mwaka 1934. Udugu una wanachama, hauna watoto. Vinu vya mbao vya watawa viko mle ndani, chini ya paa moja, chini ya mwangalizi mmoja, na safu zinazoanza nje ya kizingiti chake ni za watu 80.